Mbona huyu Bruda hasomi misa? Barua zenu na majibu yangu

Mbukwenyi wasomaji wangu. Toleo lililopita nilimtaja Bruda aliyenifundisha hesabu darasa la tano, mistari kama minne tu nilimwandika, basi meseji na barua zimekuja mpaka meza imejaa, na karibu zote zinazunguka palepale, kwamba Bruda ni nani hasa, anakula nini, nani anamlipa, na kwa nini mtu asioe halafu asiwe hata padre. Nimechukua tano. Zingine nitazijibu kwa kirefu, zingine nitapita haraka, mnisamehe.

"Shikamoo Mwalimu. Mimi mama wa watoto wanne, nafanya biashara ya mahindi hapa Kibaigwa. Kijana wangu wa pili kamaliza kidato cha sita, kafaulu vizuri tu, sasa anasema anataka kuwa Bruda afundishe. Sio padre, Bruda! Baba zake wadogo wamekuja juu, wanasema kama ni kumtoa mtoto kwa Mungu basi awe padre tujue moja, asibakie nusu njia. Na mimi nikiulizwa sokoni naona aibu kidogo. Hivi Bruda si ni yule aliyeshindwa masomo ya upadre?"

Marahaba mama. Hapana, siyo, na naomba hili ulishike kabla hatujaenda mbali. Watu wengi wanachanganya Frateri na Bruda. Frateri ni yule aliyeko seminari, anasomea upadre, mwisho wa safari yake atawekewa mikono na askofu atasoma misa. Bruda amefika tayari, upadre siyo kituo chake kinachofuata. Ni mtawa kama alivyo Sista, ameweka nadhiri tatu za umaskini, usafi wa moyo na utii, anaishi na wenzake kwenye jumuiya, na kazi aliyoikabidhi maisha yake inaweza kuwa shule, hospitali, karakana au shamba. Wapo mashirika ya mapadre yenye Mabruda ndani yake, kama Wasalesiani wa Don Bosco ambao hapa Dodoma mjini watu wanawajua kwa chuo chao cha ufundi, na yapo mashirika ambayo ni Mabruda watupu, hakuna padre hata mmoja.

Na hao wa Mabruda watupu wana historia ambayo ningependa hao baba wadogo waisikie. Mwanzilishi wao mkubwa anaitwa Jean-Baptiste de La Salle, Mfaransa, alizaliwa Reims mwaka 1651 kwenye familia yenye uwezo, yeye mwenyewe alikuwa padre tangu 1678, tena na cheo kizuri pale kanisa kuu la Reims. Akakutana na walimu wa watoto maskini, watu hawajasoma sana, nguo zimechakaa, mishahara hovyo, akaanza kwa kuwasaidia kwa mbali, baadaye akawaleta wale nyumbani kwake, meza moja na ndugu zake. Ukoo ukachachamaa! Baadhi ya wadogo zake aliokuwa akiwalea wakaondolewa pale nyumbani, ukoo ukabaki na wasiwasi na aibu, maana mtu wa hadhi ile anakaaje na walimu wa watoto wa mtaani. Mwaka 1683 akaachia kile cheo, na njaa ilipoingia baadaye akagawa mali yake kwa mikate ya maskini, akabaki sawa na wale walimu wake.

Sasa sikiliza hapa mama. Kati ya wale Mabruda kulikuwa na mmoja mwenye kipaji sana, Henri L'Heureux, de La Salle akampeleka akasome teolojia ili apadrishwe, awe kiongozi baadaye. Amebakiza kidogo tu kupewa upadre, akaugua, akafa. De La Salle alilia sana, halafu akakaa akasali akafikia uamuzi ambao upo mpaka leo kwenye shirika lile, kwamba Mabruda wake hawatakuwa mapadre. Aliona padre ataitwa kwenye misa, kwenye kitubio, kwenye mazishi, na mtoto wa maskini ataachwa na ubao wake. Kwa hiyo ukisikia Bruda hasomi misa usidhani kanyimwa, alijitoa abaki darasani.

Na kijana wako siye wa kwanza kupingwa. Yupo Mtakatifu Miguel Febres Cordero wa Ecuador, alizaliwa 1854 na miguu yenye kasoro, hakutembea mpaka alipofika kama miaka mitano. Alipotaka kuwa Bruda familia ikasema kama ni lazima basi awe padre, maneno yaleyale ya hao shemeji zako, wakampeleka seminari, akaumwa, akarudi, na mwisho aliyekubali ni mama yake. Yule mtoto akaja kuandika vitabu vya shule vilivyotumika nchi nzima, mwaka 1892 akaingizwa kwenye Akademia ya lugha ya nchi yake, na 1984 Kanisa likamtangaza mtakatifu.

Bruda wangu mimi hakuandika kitabu. Alikuwa na kopo la Blue Band pembeni ya ubao, kila kipande cha chaki kilichobaki kidogo kama kucha alikitupia humo, Ijumaa jioni anavitwanga, anachanganya na maji kidogo, anaweka kwenye vijiti vya mwanzi vilivyopasuliwa, Jumatatu tunaandikia. Penseli mpya alizikata katikati kwa kisu ili kila mtoto apate. Watu wa kijijini wakimletea mtoto mgonjwa wa kubatizwa, kama padre yupo alikuwa anawaelekeza kwa padre kwa upole, halafu anarudi zake kwenye sehemu na desimali. Hiyo ndiyo aibu unayoisema mama? Siku ya nadhiri zake za daima kijana wako mtakaa benchi la mbele, ngoma zitapigwa, na sisi wa gazeti tualikeni.

"Shikamoo babu, mimi mjukuu wako niko UDOM mwaka wa pili. Swali langu fupi: Bruda akiajiriwa shule ya serikali au akalipwa mshahara, hela inaenda wapi? Anaruhusiwa kuwa na simu yake, akaunti benki?"

Marahaba mjukuu. Inaenda kwenye mfuko wa shirika. Sheria za Kanisa za 1983 zimeliweka wazi hilo, mtawa chochote anachokipata kwa kazi yake ni mali ya shirika, na hata pensheni ikija, bima ikija, vivyo hivyo. Na shirika kwa upande wake linabeba mzigo wake, chakula, matibabu, masomo, uzee, nauli ya kwenda kuzika kwao. Simu wanazo, laptopu wanazo, ni vya kazi. Nilichokiona mimi nyumbani kwa Mabruda ni daftari moja kubwa la matumizi mezani, kila mtu anaandika, sabuni shilingi ngapi, bodaboda kwenda mjini shilingi ngapi, na mkuu wa nyumba naye anaandika yake humohumo. Ukizoea kuishi kwa bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, na kuificha chini ya godoro utaona hii ni ngumu, na kwa kweli ni ngumu, wengi waliotoka wanasema umaskini uliwachosha kuliko useja.

"Mwalimu habari za kazi. Mimi siyo Bruda wala Mkatoliki, ni mwalimu mwenzako, miaka mitatu kazini, wilaya ya Bahi, shule ya msingi. Nina watoto wengi darasa moja, kelele haziishi, wengine wanakuja saa nne baada ya kutoa ng'ombe, wengine Kiswahili chenyewe hawajakishika, kwao ni Kigogo tu. Nimeanza kuwachapa sana, na sijipendi nikirudi nyumbani. Uliandika Bruda wako hakushika fimbo. Aliwezaje?"

Mwalimu mwenzangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Kwanza hilo la kutojipenda ukirudi nyumbani, lishikilie, usiliache likazoeleka.

Nianze na mtu mmoja, Marcellin Champagnat, mwanzilishi wa Mabruda wa Marist. Alizaliwa 1789 kijiji cha Marlhes, Ufaransa, mtoto wa shamba. Siku yake ya kwanza shuleni mwalimu alimwita asome, mtoto mwingine akajipenyeza mbele yake, mwalimu akamzaba yule mtoto kibao mbele ya wote. Marcellin akarudi nyumbani, akakataa kabisa kwenda tena. Kibao kimoja, tena hakikumpiga yeye! Akaja kupata shida ya masomo mpaka utu uzima, seminari aliingia akiwa nyuma ya wenzake. Akapadrishwa 1816, na mwaka huohuo mwezi wa kumi akaitwa kwa kijana anayekufa, umri kama miaka 16, hakuwa anajua lolote la Mungu, hakuna aliyewahi kumfundisha. Kijana akafariki. Tarehe 2 Januari 1817, miezi miwili tu baadaye, akawakusanya vijana wawili kwenye nyumba ndogo La Valla waanze kujifunza kuwa walimu wa watoto wa vijijini. Neno lake ni kwamba ili umfundishe mtoto inabidi kwanza umpende, na uwapende wote sawa. Aliyeona kile kibao haisemi hiyo kwa kupamba maneno.

Pili kuhusu kelele. Zile shule za de La Salle zilijaa watoto kama zako, na Mabruda walikuwa na kifaa kidogo cha mkononi cha mbao kinachotoa sauti ya tak, walikiita kwa Kifaransa "signal". Tak moja anayesoma anasimama, tak mbili anarudia alipokosea, na ishara zingine za mkono na macho. Mwalimu haongei ovyo. Bruda wangu hakuwa na kifaa hicho, alikuwa anagonga pete ya funguo kwenye meza mara moja tu, halafu anakaa kimya anatuangalia, na anakaa kimya mpaka mwisho, hata dakika mbili, hata tatu. Mwalimu akipiga kelele juu ya kelele anakuwa ameongeza moja. Jaribu wiki mbili, siku za kwanza utaona kama unapoteza muda.

Tatu, lugha. Hili ndilo linaloniuma mimi zaidi. Zamani Ulaya mtoto alianzishwa kusoma Kilatini, lugha asiyoiongea, akitoka shule baada ya miaka miwili kwenda kufanya kazi hana Kilatini wala hana chochote. De La Salle akageuza, wakaanza na Kifaransa, na askofu mmoja alipohoji akamwandikia sababu zake hoja kwa hoja, kwamba hawa watoto muda wao shuleni ni mfupi, wapewe kitu watakachokitumia. Sasa wewe sheria inakutaka ufundishe kwa Kiswahili na ni sawa, lakini yule mtoto wa darasa la kwanza anayejua Kigogo, mwelezee kwa Kigogo kidogo aone mlango uko wapi, halafu mwingize kwenye Kiswahili. Kama hukijui Kigogo mtafute mtoto wa darasa la sita awe jirani yake. Bruda wetu mgeni wa mbali alijifunza kuhesabu kwa Kigogo moja mpaka kumi wiki ya kwanza, tulicheka matamshi, lakini tulijua huyu amekuja kwetu.

Na hao wa ng'ombe. Dawati langu nilikaa na mmoja, anafika saa nne miguu imejaa vumbi mpaka magotini, hana daftari, ana kijiti. Bruda hakumuuliza mbona umechelewa, maana jibu alilijua, mvua haijanyesha na kisima kiko mbali. Alikuwa anambakiza saa kumi baada ya kengele, ile rimu ya lori tuliyoitundika kwenye mti, wanakaa chini ya kivuli wanafanya kugawanya kwa mawe, ng'ombe 36 boma 4, kila boma wangapi. Mawe yenyewe yule mwenzangu aliyapanga kwa rangi za ng'ombe wa baba yake. Nusu saa, siku tatu kwa wiki. Darasa la saba alifaulu.

Mwisho usijione umeshindwa. Mtakatifu Mutien-Marie Wiaux, Bruda wa Ubelgiji, mtoto wa mhunzi, alipofika shule ya Malonne mwaka 1859 watoto walimshinda kabisa, darasa likawa vurugu, wakubwa wake wakafikiria kumtoa shirikani. Bruda mmoja mwenzake akasema niachieni mimi, akamchukua awe msaidizi wake wa muziki na kuchora, akajifunza kinanda ukubwani kwa tabu. Alikaa palepale miaka 58 mpaka alipokufa 1917, na alitangazwa mtakatifu 1989. Nakuuliza mwalimu, hapo shuleni kwenu yupo mmoja wa kusema niachieni mimi? Mtafute. Kama hayupo niandikie tena, nitakuja Bahi mwenyewe.

"Asalaam aleykum Mwalimu. Mimi niko Kondoa, Muislamu. Marehemu baba alisoma shule ya misheni miaka ya mwanzoni mwa sitini na mpaka anafariki alikuwa anamtaja Bruda mmoja mzungu, eti alimfundisha useremala na kusoma. Najiuliza mambo mawili. Moja, hawa hawakuwa wanataka kuwabadilisha dini? Pili, mtu anaachaje kwao aje kufia huku? Ningependa kuona kaburi lake."

Waaleykum salaam ndugu yangu, Mungu amrehemu mzee. La kwanza nakujibu kweli tupu, wamisionari walikuja kuhubiri, hawakulificha, shule ilikuwa sehemu ya kazi hiyo, na wapo watoto waliobatizwa shuleni bila wazazi kuridhia vizuri, hilo lilileta maumivu kwenye familia. Lakini wapo pia wengi kama mzee wako waliotoka na randa na kusoma na dini yao ileile, na Bruda aliyempa vitu hivyo akabaki anamkumbuka kwa jina. Baadaye ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, shule nyingi za misheni zikawa za serikali, watoto wa dini zote wakakaa dawati moja bila kuulizana. Mabruda wengine waliondoka, wengine wakabaki wakifundisha chini ya mkuu wa shule aliyeteuliwa na serikali.

La pili ni gumu zaidi. Tangu mwanzo wao walikuwa wanatumwa. Mwaka 1702 de La Salle alimtuma Bruda Gabriel Drolin aende Roma na mwenzake mmoja, mwenzake akarudi mapema, Drolin akabaki peke yake mpaka 1728, miaka 26, na de La Salle alikufa 1719 hajamwona tena. Wa karibu zaidi ni Mwenyeheri (hatua ya kabla ya kutangazwa mtakatifu) James Miller, Mmarekani, mtoto wa mkulima wa Wisconsin, alizaliwa 1944. Alifundisha Nikaragua miaka kumi hivi, mikono yake haikutulia, kama hafundishi anajenga au anarekebisha bomba. Januari 1981 akaenda Guatemala, mji wa Huehuetenango, kwenye nyumba ya vijana Wamaya waliotoka vijijini kuja kusoma. Nchi ilikuwa vitani, vijana wanakamatwa kupelekwa jeshini. Tarehe 13 Februari 1982, mchana, akiwa anarekebisha ukuta wa ile nyumba, watu waliofunika nyuso wakampiga risasi. Alikuwa na miaka 37. Alitangazwa Mwenyeheri 2019, palepale Huehuetenango. Mimi nikisoma habari zake kinachonishika ni ule ukuta, kwamba siku ile hakuwa anahubiri, alikuwa anatengeneza nyumba ya watoto wa wenzake.

Kuhusu kaburi, watawa kwa kawaida huzikwa kwenye eneo la misheni walikoishi, msalaba wenye jina na mwaka. Nenda ofisi ya parokia ile aliyosoma mzee, sema jina alilokuwa analitaja, hata kama ni la utani walilompa wanafunzi, mara nyingi makatekista wazee wanayajua. Hakuna atakayekuuliza dini yako. Na kama mzee aliacha kiti au meza aliyoitengeneza, piga picha uende nayo.

"Shikamoo Mwalimu. Mimi kijana wa Manyoni, miaka 24, nimemaliza diploma ya ualimu. Nataka kuwa Bruda mwalimu. Mimi ni mtoto wa kwanza, baba hayupo, mama hajui bado. Halafu nina deni la masomo na mikopo miwili ya kwenye simu. Nianzie wapi?"

Marahaba mwanangu. Umri wako uko vizuri, unovisi, yaani kipindi cha malezi ya mwanzo ya utawa, haupokelewi chini ya miaka 17, na nadhiri za daima siyo kabla ya 21. Hatua zenyewe ni hivi, unakaa nao kwanza kama mgombea, mnajuana, halafu unovisi usiopungua miezi 12, hapo hufundishi wala husomi chuo, unajifunza sala na maisha yao. Ukimaliza unaweka nadhiri za muda, miaka isiyopungua mitatu, kawaida haizidi sita, ndipo za daima. Maana yake una miaka ya kutosha ya kusema hapana, na wao pia.

Deni usilifiche. Sheria ya Kanisa inakataza kumpokea mtu mwenye madeni asiyoweza kuyalipa, kwa hiyo hii mikopo ya simu imalize kabla hujaandika barua, futa hizo programu kabisa, na hilo la masomo mweleze mkurugenzi wa miito lilivyo, kiasi gani, unalipaje. Wengine hufanya kazi mwaka mmoja au miwili kwanza wakapunguza, na muda huo unamsaidia mama pia aweke mizizi ya biashara yake, maana ukishaingia mshahara hautakuwa wako wa kumtumia.

Vyeti watakavyokudai ni vya ubatizo, kipaimara, na uthibitisho kwamba hujaoa, paroko wako ndiye anayevitoa, muone wiki hii. Shirika la kuandikia atakuelekeza yeye, omba uende ukae nao likizo moja uwaone wakiwa wamechoka, siyo siku ya sherehe. Na mama mwambie wewe mwenyewe, nyumbani, jioni akiwa ameshakula, kabla hajaisikia kwenye jumuiya.